Paka, kochi na katani ya Tanga

Kwenye kipindi cha wiki hii tulicheka sana na habari za paka, ila meseji zilizoingia baadaye hazikuwa za kuchekesha. Wengi mmepanga, na mwenye nyumba ameshika diposti, ambayo hapa England inaweza kufika kodi ya wiki 5. Wengine mnakaa na wazazi, na mama keshasema: paka au kochi, chagua.

Tuanze na paka mwenyewe. Hakwaruzi kwa ubaya. Anavua ganda kuukuu la ukucha, ananyoosha mgongo, na anaacha harufu yake, maana ana tezi kwenye nyayo. Kochi analipenda kwa sababu ni zito, halitikisiki, na liko hapo hapo mnapokaa. Ukimpiga ataishia kukuogopa wewe tu, kisha ukitoka anaendelea.

Kwa hiyo mpe kitu kinachoshinda kochi. Nguzo ya kukwaruzia iwe imara, urefu kama sentimita 90, aweze kujinyoosha mwili mzima. Usiifiche nyuma ya mlango. Iweke kando ya pale anapoharibu, au karibu na anapolala, maana akiamka tu anataka kujinyoosha. Kochi lenyewe libandike tepu yenye gundi pande mbili. Paka hawapendi kunatwa miguu. Akitumia nguzo, mpe kitu kitamu papo hapo. Akishazoea, isogeze kidogo kidogo. Kucha mpunguze ncha tu, usifike kwenye sehemu ya pinki, kuna mshipa wa damu.

Na kama kuna ndugu anakushauri "mng'oeni kucha", mwambie ukweli: hiyo ni kukata mfupa wa mwisho wa kila kidole. England imekatazwa chini ya sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006, isipokuwa kwa matibabu. Jimbo la New York nalo lilipiga marufuku 2019.

Sasa angalia ile kamba iliyozungushwa kwenye nguzo. Mara nyingi ni katani, nyuzi za mkonge, zao lililoletwa pwani ya Tanga mwaka 1893 enzi za Wajerumani. Ikichakaa usitupe nguzo: nunua kamba mpya, izungushe kwa kuibana, maisha yaendelee. Ni rahisi kuliko kochi jipya.

Una njia iliyokusaidia? Tutumie sauti yako, tutaicheza kipindi kijacho.