Wahakiki Wenye Kitabu Mapajani

Mwigizaji aliruka mistari kama mitatu, na bwalo zima likajua. Kurasa zilifunuliwa kwa pupa kutoka safu ya mbele hadi mlangoni, kila mmoja akitafuta mhusika Yona amefika wapi. Kisha msichana mmoja wa nyuma akayasema maneno yaliyorukwa, neno kwa neno, na makofi akapigiwa yeye.

Ilikuwa katika shule moja nje kidogo ya mji wa Voi, vilima vya Sagalla vikionekana dirishani na harufu ya maharagwe ya mchana ikiingia kutoka jikoni. Igizo lilikuwa Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, tamthilia teule ya mtihani wa KCSE, iliyorithi nafasi ya Kigogo ya Pauline Kea. Nairobi ina Ukumbi wa Kitaifa uliofunguliwa mwaka 1952, na magazeti yenye watu wa kuuandikia. Mombasa ina Little Theatre Club. Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta zina mabwalo ya shule, na mimi sijasoma hata aya moja ya uhakiki wa onyesho lililofanyika humo.

Kumbe wahakiki wapo, tena wamebeba ushahidi.

Kiongozi wa kikundi kilichoigiza siku hiyo, ambaye ndiye anayemwigiza Yona, aliniomba nisimtaje kwa kuwa riziki yake iko mikononi mwa walimu wa Kiswahili. Kelele za wanafunzi hazimtishi. Kinachomtisha ni dondoo. Katika mtihani, swali la kueleza muktadha wa dondoo lina alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini. Mtahiniwa akikaa mbele yake, hayo manne ndiyo anayoyatazama.

Ndiyo maana sasa, ili mahali paonekane, yeye husafiri na meza moja na mabenchi mawili kwenye matatu. Kuna siku aliona tabu kubadilisha jukwaa, mazungumzo ya nyumbani kwa Neema, bintiye Yona, mjini akayaacha yafanyike uani kwa Yona. Onyesho lilipokwisha mwalimu alisimama na, kwa upole wa mtu anayelipa, akawaambia wanafunzi wafute hilo vichwani. Alama moja ilikuwa imepotea, mara wanafunzi wote waliokuwamo.

Lililomuuma zaidi ni la salamu. Alikuwa amemtia Yona mlevi kinywani salamu ya Kidawida, lugha ya Wataita, basi. Bwalo lilipasuka kwa kicheko. Wavulana walipiga sakafu kwa miguu. Kwa maelezo yake, hajawahi kulishika jukwaa namna ile. Akaagizwa aitoe, maana mtoto angekwenda kuandika kwamba Arege amechanganya ndimi, na mfano angeutoa hapo. Aliitoa. Mwalimu alikuwa na haki, najua, lakini nimebaki nikimwonea uchungu msanii anayekatazwa sentensi yake bora kwa sababu haimo kitabuni.

Michezo mipya nayo hupata majaji wake katika tamasha za maigizo za shule: kaunti ndogo, kaunti, kanda ya Pwani, kisha taifa. Aliwahi kuandikia shule moja. Mchezo uliangukia ngazi ya kaunti, jaji akasema yake, na hakuna aliyeuona tena. Hata hivyo anacheka akikumbuka kwamba kuna uhakiki mkali kuliko huo. Aprili 2025, Nakuru, wasichana wa shule ya Butere waliokuwa na mchezo wa Echoes of War ya Cleophas Malala waliimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe, na polisi walikuwa wamefika na vitoa machozi.

Mtihani wa mwisho wa KCSE umepangwa kuwa 2027. Baada ya hapo, nani atamwita Voi? Hana jibu, na kwa sasa ana shughuli nyingine kichwani.

Kuna mahali katika tamthilia panapotajwa mateso ya Sara, mkewe Yona, kwa kuzaa wasichana watupu. Katika shule za wasichana, Yona huzomewa kabla hajafungua kinywa, na hilo hulihesabu kuwa sifa pekee anayopewa, kwa kuwa maswali ya baadaye huwa ya maudhui na tamathali tu. Katika shule za wavulana, papo hapo, wengine hucheka. Amejaribu kuupunguza ulevi, amejaribu kumkazia macho Sara, wakacheka vilevile. Muhula ujao ana onyesho Taveta, shule ya wavulana, na bado hajaamua kama atasubiri kicheko kiishe au aseme juu yake.