Pilipili Kavu ya Nyumbani

Hapa kwetu Kisangani, karibu na ikweta, hakuna mwezi usio na mvua. Basi anayetaka unga wa pilipili asilitegemee jua peke yake.

Tuchume pilipili zilizoiva, tutupe zilizooza, tuzioshe, tuzifute maji na kuzipasua kwa urefu. Mchana tuzianike juu ya kichanja, si chini penye vumbi na kuku; wingu likitanda tuziingize upesi. Usiku tuziweke juu ya meko, mbali na ndimi za moto. Pilipili ikipinda tu, bado, ikivunjika, tayari.

Tujihadhari sana na kuvu. Pilipili iliyoota kuvu yaweza kuwa na sumu iharibuyo ini, nayo haiondoki kwa kuoshwa wala kupikwa. Mama aionaye asihurumie kikombe kimoja cha pilipili kuliko wanawe. Aitupe yote.

Zilizokauka tuzitwange kinuni, pua na mdomo tukivifunga kitambaa, watoto wakae mbali. Tuuchunge unga, tuutie katika chupa kavu yenye kifuniko. Kisha tuoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Ndipo sombe na samaki wa Mto Kongo watapata kiungo chao, hata msimu wa mvua nyingi.