Sikio la mwanafunzi halipimwi kwa kalamu peke yake

Wiki hii nataka tuzungumzie sikio. Si lile analochungulia daktari, bali lile ambalo mtahini wa lugha angepaswa kulijali na aghalabu halijali. Swali langu ni hili: twawezaje kumpa mwanafunzi alama ya Kiingereza, au hata ya Kiswahili, ilhali hatujawahi kupima kama anasikia kinachosemwa?

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi "kusikia" katika Kiswahili kina kazi nyingi. Tukisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kusikia ni kutii. "Nasikia njaa" ni kuhisi. "Nasikia harufu ya samaki" ni kunusa. Na ukifika Kwale ukamuuliza mtu, "Unasikia Kidigo?" humuulizi habari ya masikio yake, unamuuliza kama anaielewa lugha hiyo. Wachina wanaozungumza Kimandarini wamezigawa kazi hizi vizuri zaidi. Kwao "tīng" ni kutega sikio, "tīngjiàn" ni sauti kufika sikioni, na "tīngdǒng" ni kusikia ukaelewa. Hizo ni hatua tatu, na mwanafunzi anaweza kukwama katika yoyote kati yake.

Wachina wamelichukulia jambo hili kwa uzito hata katika mitihani. Katika gaokao, mtihani wa kitaifa wa kuingia chuo kikuu, karatasi ya Kiingereza ina alama 150. Kwa muundo wa kitaifa, alama 30 kati ya hizo ni za kusikiliza: mtahiniwa hupigiwa mazungumzo yaliyorekodiwa na kujibu maswali 20. Mazungumzo mafupi ya mwanzo husikika mara moja tu, yale marefu mara mbili. Korea Kusini nao wana yao. Siku ya mtihani wa kuingia chuo, wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, ndege hazipai wala hazitui kwa dakika kama 35, ili ngurumo zisimkoseshe mtoto jibu.

Sasa turudi nyumbani. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE ina alama 60. Nusu yake, yaani alama 30, ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza. Lakini hakuna anayesikiliza wala anayezungumza! Mtahiniwa hupewa orodha ya maneno, akaulizwa ni herufi gani isiyotamkwa, neno gani latamkwa sawa na lingine, au sentensi fulani ingesomwa kwa kupandisha sauti au kuishusha. Yote hayo hujibiwa kwa kalamu, kimya kimya. Mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kuzoa alama hizo bila sikio lake kufanya kazi yoyote.

Kiswahili nacho hakijanusurika. Karatasi ya pili hupima ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha na isimujamii, yote kwa maandishi. Kila mwalimu anajua lile swali la shadda katika neno "barabara". Ukiweka mkazo kwenye silabi ya tatu, barabára, unapata njia ya magari. Ukiuweka kwenye ya pili, barábara, unapata maana ya sawasawa. Ni swali zuri sana la sikio, lakini sisi tumeligeuza kuwa la jicho.

Mtoto wa Vanga anasikia nini?

Hebu tulitazame jambo hili kutoka Vanga, mji wa wavuvi ulio pembe ya mwisho ya pwani yetu, Kaunti ya Kwale, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Mtoto wa huko hana uhaba wa lugha. Kuna Kivumba, lahaja ya Kiswahili ambayo H.E. Lambert aliiandikia kitabu kizima mwaka 1957. Kuna Kidigo kwa majirani na sokoni. Kuna Kiswahili sanifu cha redio na cha vitabuni. Kisha kuna Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya kufundishia karibu masomo yake yote. Binamu yake aliye ng'ambo ya mpaka, upande wa Jasini, katika shule ya msingi ya serikali husomeshwa kwa Kiswahili, na hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia anapoingia sekondari. Damu ni moja, bahari ni moja, lakini masikio yao yamelelewa tofauti.

Kila lugha huliwekea sikio chujio. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina nyingi zaidi. Kwa hiyo maneno "hat", "hut", "heart" na "hurt" humfikia Mkenya wa kawaida yakiwa yamevaa nguo moja, yote na irabu "a". "Ship" na "sheep" vilevile. Mwambie mtoto wa Vanga kwamba kuna "ship" majini, na usishangae mmoja akichora jahazi na mwingine akachora kondoo anayeogelea. Mwanafunzi wa Kichina naye hujikwaa papo hapo, kwa kuwa Kimandarini hakizitenganishi irabu hizo mbili.

Mfanano hauishii hapo. Silabi zetu za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Za Kimandarini huishia kwa irabu au kwa sauti chache tu kama "n" na "ng". Matokeo yake ni kwamba konsonanti za mwisho za Kiingereza huwapita wote wawili kama upepo: "s" ya wingi katika "books", au "t" inayosikika mwishoni mwa "walked". Kisha Kiswahili husema "amefika" bila kujali kama ni mume au mke, na Kimandarini katika mazungumzo hutumia "tā" kwa wote. Basi mtoto wa Vanga na mtoto wa Beijing wote wawili watasema "he" wakimkusudia mama.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kosa la kuacha "s" au "ed" tunalihesabu kuwa kosa la sarufi. Mwalimu hulizungushia kalamu nyekundu, na kesho yake anarudia kanuni ubaoni. Lakini je, kama mtoto anaijua kanuni, ila hajawahi kuisikia sauti yenyewe? Unamtibu tumbo mtu anayeumwa jino.

Namna ya kuujua ugonjwa

Robert Lado, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa taaluma ya kupima lugha, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba mtihani mzuri wa lugha ya kigeni huanza kwa kuijua lugha ya kwanza ya mtahiniwa, maana ndiyo inayoonyesha atajikwaa wapi. Wataalamu waliokuja baadaye walimkosoa kwamba si kila kosa linatoka nyumbani, na ni kweli. Lakini katika upimaji wa sikio wazo lake bado lina nguvu.

Chukua sentensi hii ya Kiingereza: "They walked along the beach every Saturday." Mwanafunzi aisikie mara mbili, kisha aulizwe kwa maneno mepesi: je, watu hawa bado wana mazoea hayo, au yalikuwa ya zamani? Siku nyingine apewe swali la aina hiyohiyo kwa maandishi. Akipata la maandishi na kukosa la kusikia, sarufi anayo. Kinachohitaji mazoezi ni sikio. Akikosa yote mawili, hapo mrudishe kwenye kanuni. Tazama pia kwamba nimechagua "along" baada ya "walked". Ningeandika "walked to", sauti mbili za "t" zingemezana na hata mzaliwa wa London asingejua kama ni wakati uliopita au uliopo. Mtihani wa kusikiliza usiwe mtego. Upime kile kinachosikika.

Msamiati nao una mitego yake. Mtoto akitafsiri "nasikia njaa" neno kwa neno, atasema anasikia njaa kwa masikio. Akikutana na "hotel", akilini mwake mna chai na mahamri, kwa kuwa hoteli kwetu Kenya ni mahali pa kula. Kwa Kwale tuongeze Kidigo. Katika Kidigo "kugomba" ni kusema. Ndiyo maana kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa Nairobi mwaka 2004 inaitwa Mgombato. Katika Kiswahili kumgomba mtu ni kumkaripia. "Mche" kwa Mdigo ni mke; kwa Kiswahili ni mmea mchanga. Mtahini anayejua haya ataandika majibu ya kuchagua ambayo hata lile lisilo sahihi linamwambia mwalimu kitu: hapa mtoto amesikia kwa sikio la Kidigo. Mtahini asiyejua ataona alama ya kukosea, basi.

Sikio lenye mali

Msomaji asije akadhani nasema sikio la pwani ni pungufu. Hasha! Katika Kimvita na lahaja nyingine za pwani, "kaa" la moto na "kaa" wa baharini hayatamkwi sawa. Yule wa baharini hutamkwa kwa mpumuo baada ya "k". "Paa" la nyumba halina mpumuo, "paa" wa porini anao. Tahajia sanifu, iliyojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, haiandiki tofauti hiyo. Kwa hiyo mtihani wa maandishi hauna njia ya kujua kwamba mtoto huyu anasikia kitu ambacho wengi wetu wa bara hatukisikii.

Na ajabu ni kwamba Mchina angekisikia! Kimandarini hutenganisha konsonanti zake kwa mpumuo huohuo. Mchina anayejifunza Kiswahili huenda akachanganya "paa" na "baa", lakini paa wawili hao wa pwani hawampi shida. Kile kiitwacho ugumu wa lugha, basi, hutegemea sikio limetoka wapi.

Kwa nini jambo hili lisisubiri

Wapo watakaoniambia: Profesa, hayo ni mambo ya vyuoni, watoto wetu wanafaulu hivyohivyo. Nami nawauliza: wanafaulu hadi wapi? Mwaka 2021, Kenya ilipotia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya Uingereza, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Sidai kwamba kusikiliza ndiko kulikowaangusha. Nasema tu kwamba watu waliosoma kwa Kiingereza tangu utotoni walisimamishwa mlangoni na Kiingereza. Mtihani wa IELTS una maswali 40 ya kusikiliza, na sauti hupigwa mara moja tu. Kijana aliyepitia shule zetu zote bila kupimwa kusikiliza kwa sauti halisi atakutana na jambo hilo kwa mara ya kwanza siku ambayo ameshalipa ada kubwa na kazi inamngoja.

Wengine watasema vifaa havipo. Shule nyingi za Lungalunga hazina maabara ya lugha, hilo nalikubali. Lakini tunayo imla. Wazee wetu walisomeshwa kwa imla, nasi tukaitupa tukiiona ya kizamani. Mwaka 1979 John Oller, katika kitabu chake kuhusu mitihani ya lugha shuleni, aliitetea kwa hoja kwamba anayeandika imla hawezi kuandika asichokielewa: sikio, sarufi na msamiati hufanya kazi kwa pamoja. Mwalimu asome kifungu cha sentensi tano au sita, mafungu mafupi ya maneno saba hivi, mara mbili, bila kuvuta silabi. Makosa ya tahajia tupu yasihesabiwe. Mtoto akiandika "walk" badala ya "walked", au "atu" ya Kidigo badala ya "watu", mwalimu ameshapata habari ambayo maswali hamsini ya kuchagua yasingempa.

Pale penye simu na kipaza sauti kidogo, sauti na irekodiwe. Isiwe ya Mwingereza peke yake; mtoto wa Vanga atahudumia Wakenya kwanza, hivyo asikie pia Kiingereza cha Kisumu na cha Nairobi. Maswali yawe mafupi, maana swali refu humrudisha mtoto kwenye kusoma. Na alama zitolewe kando kando: ya kusikiliza, ya sarufi, ya msamiati. Jumla moja huficha mengi.

Mtaala wa umilisi, huu tunaouita CBC, umeweka kusikiliza na kuzungumza kuwa mada kuu katika silabasi za lugha. Hilo ni jambo la kheri. Lakini walimu ni watu wenye hekima ya dunia: hufundisha kinachotahiniwa. Ikiwa mtihani wa kitaifa utaendelea kuwa karatasi na kalamu pekee, mada hiyo itabaki pambo la silabasi. Baraza la Mitihani lina nafasi ya kuanza na hata alama 10 za kusikiliza kikweli, katika Kiingereza na Kiswahili vilevile, na kuziongeza kadiri shule zinavyojiandaa. Ndipo tutakapoweza kumuuliza mtoto wa Vanga, "Unasikia Kiingereza?" na kulijua jibu.