Imarisha miguu yako kwa hatua za bale

Je, msomaji, ukipanda ngazi hadi orofa ya nne mapaja hukutetemeka? Ikiwa kutwa nzima umeketi ofisini, darasani au ndani ya matatu, usishangae. Misuli isiyotumiwa hudhoofika.

Dawa yake haihitaji pesa. Ni hatua tatu za bale, densi iliyokuzwa katika makasri ya Ufaransa, ambako Mfalme Louis wa 14 alianzisha chuo cha densi mwaka 1661. Ndiyo sababu majina ya hatua zake ni ya Kifaransa. Usidhani ni ya Wazungu au wasichana pekee. Hata mtaani Kibera, Nairobi, wavulana kwa wasichana wamefunzwa bale.

Vua viatu, simama wima na ushike mgongo wa kiti kizito kisichoteleza.

Kwanza ni plie, yaani kukunja. Unganisha visigino, vidole vielekee nje kidogo. Kunja magoti polepole bila kuinua visigino, kisha unyooke. Zoezi hili huimarisha mapaja na makalio.

Pili ni releve, yaani kuinuka. Inua visigino, hesabu hadi 3, kisha uvishushe taratibu. Hapa mashavu ya miguu ndiyo hufanya kazi. Misuli hiyo pia husukuma damu irudi moyoni, jambo la manufaa kwa anayeketi sana.

Tatu ni tandu, yaani kunyoosha. Telezesha mguu mmoja mbele hadi ncha za vidole tu ziguse sakafu, kisha uurudishe. Nyayo na vifundo hupata nguvu, na mguu uliosimama hujifunza kukuhimili usiyumbe.

Anza na mara 8 kwa kila zoezi, siku 3 kwa wiki.

Lakini tahadhari! Wengi wanaoanza hulazimisha nyayo zitazame pande mbili kabisa, kama wanavyofanya wachezaji jukwaani. Mgeuko huo hutoka kwenye nyonga, si kwenye magoti. Unapokunja, hakikisha kila goti linaelekea zilikoelekea vidole vyake. Vidole vikienda nje na goti likaingia ndani, unalisokota, na huenda ukaumia. Ukihisi maumivu makali, acha mara moja. Wajawazito na wenye magoti mabovu wamwone daktari kwanza.

Waite watoto mfanye pamoja jioni, ugali ukiiva. Usiwe na pupa. Mwenda pole hajikwai.