NCHI JIRANI – KENYA: Jalada la Mtoto Lisiwe Mzigo wa Mzazi

Kwa miaka mingi mtoto wa mfanyakazi nchini Kenya alipimwa kwa mtihani mmoja mwishoni mwa shule ya msingi. Akiugua siku hiyo, jasho la miaka minane limekwenda bure. Mtihani huo, KCPE, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mahali pake pamechukuliwa na utaratibu wa Mtaala wa Umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka 2019.

Katika utaratibu huu kazi za mtoto za mwaka mzima nazo zinahesabiwa. Mwalimu humpa kazi ya kutenda, kama vile kuotesha mboga, kusuka mkeka au kusimulia hadithi. Humtazama akifanya, kisha humweka katika mojawapo ya ngazi nne. Ushahidi wa kazi hiyo hutunzwa katika jalada la mtoto. Shule zenye vyombo huhifadhi picha na sauti katika simu au kompyuta, na hilo ndilo jalada la kidijitali. Alama za tathmini za shuleni hupelekwa kwa njia ya intaneti kwenye Baraza la Mitihani, KNEC.

Ndugu msomaji, hili si jambo dogo. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 walifanya mtihani wao mwaka 2025. Katika kila alama 100 za kila mwanafunzi, 60 zilitokana na mtihani huo, 20 na mtihani wa Gredi ya 6, na 20 zilizobaki na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Kwa hiyo kazi ya mtoto isipotunzwa, au alama zake zisipofika KNEC, anayepata hasara ni mtoto.

Shabaha yenyewe ni njema. Sisi Watanzania tunaifahamu: Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtihani wa kuandika usiwe kipimo pekee, bali kazi za mwanafunzi nazo zitiwe maanani. Mtoto mwenye mikono hodari asihesabiwe mjinga kwa sababu ya karatasi moja.

Lakini swali ni hili: ni nani agharimie? Wazazi wengi wa Kenya wamelalamika kwamba huagizwa kununua vifaa, kupiga picha na kuzichapisha. Mwenye gari na kompyuta nyumbani hatahisi kitu. Mchumaji chai anayelipwa kwa kilo atapoteza nusu siku kwenda mjini, na fedha za unga ziishie dukani kwa mwenye mashine. Hapo kinachopimwa si umilisi wa mtoto tena, ni mfuko wa babake.

Mwalimu naye ni mfanyakazi. Mwaka 2019 chama cha walimu, KNUT, kiliupinga mtaala huu kikisema walimu hawajaandaliwa ipasavyo. Mwenye watoto 60 darasani, akitakiwa kuweka ushahidi wa kila mmoja, kazi hiyo ataimaliza usiku, na usiku huo haulipwi. Ni kweli kwamba kuanzia mwaka 2016 serikali iligawa vishikwambi zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma. Lakini kishikwambi kinahitaji umeme, mtandao na fundi. Bila hivyo ni sanduku tu.

Tujifunze kwa jirani kabla mambo hayajatufika. Wazazi wafanyakazi waulize katika mikutano ya shule: jalada la mtoto linatunzwa wapi, nani huliona, na alama zimepelekwa lini? Kazi za jalada zifanyike shuleni, kwa vyombo vya shule. Na pale ambapo shule imo ndani ya shamba la mwajiri, umeme na kompyuta ya shule viingizwe katika madai ya chama, sawasawa na nyumba na maji.

Mtoto apimwe kwa kazi yake, si kwa mshahara wa mzazi wake.