Scar ni kovu: Kiingereza cha katuni

Mpwa wangu alihama Mombasa mwaka jana, sasa yuko gredi ya tano hapa Machakos. Kwa Kiswahili darasani hana mshindani. Kiingereza ndicho kilichomfunga mdomo: jibu alijua, mkono hanyanyui.

Juzi nilimkuta akitazama video za kueleza filamu ya katuni, The Lion King ya 1994. Mamake aliona anapoteza wakati. Mimi nikakaa naye.

Wazazi wenzangu, filamu hii yamfaa mtoto wetu kuliko wa Ulaya. Simba, Rafiki, hata Pumbaa (aliyepumbaa kweli) ni maneno ya kwao. Tulipofika kwa Scar nikasimamisha video, nikamwonyesha alama jichoni. "Kovu!" akasema. Naam, na katika filamu ya pili, ya 1998, yumo simba kijana aitwaye Kovu hasa.

Neno "pride" lilitusumbua. Kamusi yake ilimpa fahari na majivuno, ilhali hapa ni kundi la simba. Picha ndiyo iliyoamua.

Lakini kumwachia simu tu hakutoshi. Simamisha, mwulize ameona nini, rudisha nyuma asikie tena, kisha atunge sentensi yake kwa sauti. Maneno matano kwa siku yatosha. Ishirini yatasahaulika kabla ya Ishaa.

Jioni akanitungia yake, bila kunong'ona: mjomba ana "scar" gotini. Kweli ninalo, la mwembe wa jirani.