Kwa nini rubani mwanafunzi haruhusiwi kubeba abiria

MTU anayejifunza urubani nchini Marekani anaweza kurusha ndege peke yake akiwa na umri wa miaka 16 tu, lakini haruhusiwi kumpakia hata mzazi wake katika kiti kilicho wazi kando yake.

Kwa mujibu wa kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo (FAA), ni marufuku kwa rubani mwanafunzi kuongoza ndege yenye abiria, awe analipwa au halipwi. Marufuku hiyo hudumu hadi atakapofaulu mtihani na kupata leseni ya rubani binafsi. Leseni hiyo ya kurusha ndege za kawaida hutolewa kwa aliyetimiza miaka 17 na, kwa utaratibu wa kawaida, kuruka kwa saa zisizopungua 40, zikiwamo 20 akiwa na mwalimu na 10 akiwa peke yake.

Safari za peke yake zimewekwa ili mwanafunzi azoee kutoa uamuzi bila kuelekezwa. Katika hatua hiyo, makosa yake hayapaswi kumgharimu mtu asiyeweza kupima ujuzi wake. Aidha, abiria huongeza uzito unaobadilisha mwenendo wa ndege ndogo, na mazungumzo yake huweza kumpotezea rubani umakini.

Hali ni tofauti mwalimu anapokuwamo ndani. Hapo kwa kawaida mwalimu ndiye kiongozi wa ndege, na kanuni hiyo haimzuii ndugu wa mwanafunzi kuketi nyuma. Hata hivyo, kuwapo kwa mwalimu si kinga kamili.

Aprili 11, 1996, Jessica Dubroff, mtoto wa miaka saba aliyekuwa katika jaribio la kuvuka Marekani kwa ndege, alikufa pamoja na baba yake na mwalimu wake baada ya ndege yao kuanguka muda mfupi tu baada ya kupaa kutoka Cheyenne, katika jimbo la Wyoming. Wachunguzi walibaini kuwa mwalimu aliamua kuondoka wakati hali ya hewa ikiharibika na ndege ikiwa imezidi uzito. Walitaja pia shauku ya kutimiza ratiba kuwa iliyochangia ajali hiyo.

Mwaka huo huo, Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayomkataza kiongozi wa ndege kumwachia usukani mtu asiye na leseni ambaye anajulikana kuwa anatafuta rekodi.

Hata baada ya kupata leseni, masharti hayaishi. Ili abebe abiria, rubani ni lazima awe amepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizotangulia. Kwa safari za usiku, mara hizo tatu ziwe zimefanyika usiku, na kila mara ndege iwe imesimama kabisa. Rubani binafsi anaweza kuchangiana na abiria gharama za mafuta, uwanja na kukodi ndege, lakini hapaswi kulipa pungufu ya fungu lake.

Kwa hiyo, anayealikwa kupanda ndege ya rafiki aliyehitimu karibuni ana haki ya kuuliza maswali mawili: leseni iko wapi, na ni lini mara ya mwisho alitua?